Mabati Ishirini na Sita

Fundi hakuhitaji kipimo. Alilinyanyua bati kwa ncha zake mbili, akalitikisa mara moja, nalo likalia kama daftari la mtoto. Akautazama mhuri uliogongwa pembeni, ulioandikwa 28, akanitazama na mimi, kisha akalikunja pembe kwa kidole gumba bila hata kukunja uso.

“Papa,” akasema kwa Kiswahili cha Katanga, “ii malata iko mwepesi. Upepo ya ziwa itabeba yote.”

Yalikuwa mabati 36. Nilikuwa nimeyanunua asubuhi ileile katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikayapakia kwenye mkokoteni, nikatembea nyuma yake kwa fahari ya mshenga anayepeleka mahari. Pesa hazikuwa zangu. Zilikuwa za watu 42 wa mtaa wetu kule Mbeya, walionituma hadi Nchelenge, Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, nimwezekee mjane mmoja nyumba, nipige picha, nirudi.

Kuchanga tunajua sisi. Kadi ya mchango wa harusi hukufikia kabla hujamjua bwana harusi, na msiba ukitokea daftari la rambirambi hufunguliwa kabla turubai halijafungwa. Lakini kuchangia nyumba ya mtu aliye hai, ambaye haoi, haolewi wala hajafa, jambo hilo halina kamati. Aliyelianzisha kwetu ni mama mmoja wa jumuiya, mfanyabiashara wa samaki wakavu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akilala kwa mjane huyo kila anapokwenda kununua mzigo Kashikishi. Usiku mmoja mvua ilinyesha, akaamka godoro limeloa na mwenyeji wake amesimama pembeni ameshika sufuria chini ya tundu la paa. Aliporudi Mbeya alisimama baada ya sala, akasema anatafuta watu wa kumsaidia kulipa deni la malazi. Alisema hivyohivyo, deni. Neno msaada halikumtoka mdomoni, na nadhani ndiyo maana hatukuweza kumkatalia.

Yeye mwenyewe alikuwa akiuguza, ikabidi niende mimi, ambaye sifa yangu pekee ni kwamba nina pasipoti na huandika makala.

Safari ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Ukivuka Tunduma unaingia Nakonde, unabadilisha shilingi kuwa kwacha huku umeshikilia begi kwa mikono miwili, halafu ni Kasama, Luwingu, Mansa. Kutoka Mansa basi linageukia kaskazini na kulifuata bonde la Mto Luapula, Kongo ikiwa mkono wako wa kushoto muda wote, karibu kiasi kwamba simu yangu ilinikaribisha huko mara mbili. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao joto la huko halina adabu. Kando ya kila kijiji palikuwa na tanuri la tofali, mengine yakitoa moshi, mengine yamekwisha kupoa na kubomolewa nusu. Kichuguu kikubwa kikishachimbwa kwa ajili ya udongo wake hubaki kama jino bovu katikati ya shamba. Tofali Wabemba huziita amatafwali, mkate wao ni umukate, na fundi ni fundi. Nilikaa dirishani nikiyaokota maneno hayo mojamoja kama mtu aliyeona nguo zake zimeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Yalifikaje huko? Si kwa basi. Basi letu lilipita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ambako kila Julai Walunda hucheza ngoma ya Umutomboko. David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara aliyekuwa amekaa pale miaka mingi. Mwaka huohuo, mashariki ya ziwa, Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama wa Itabwa na kuondoka na shehena ya pembe. Watu wetu walipafahamu hapa kabla ya Livingstone, na wengi wao hawakuja kujenga. Nilifikiri juu ya hilo kidogo, kisha basi likasimama watu wakashuka kununua mihogo ya kuchemsha, nami nikashuka.

Ziwa halikuonekana mpaka lilipoonekana lote. Mweru lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na jioni, kwa kuwa Nchelenge imekaa ufuko wa mashariki, jua huzama majini upande wa Kongo. Kashikishi, mji wa soko ulioungana na Nchelenge, unanuka samaki kwa namna ambayo siku ya pili huisikii tena. Chisense, hawa vidagaa vyao, huanikwa mchangani kama mtama. Nilimuuliza kijana mmoja boti iliyokuwa ikijaza abiria inakwenda wapi, akanijibu: Kilwa. Nikacheka peke yangu. Wao wana Kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji wa Kilwa. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafika Husuni Kubwa, ikulu ile ya mawe ya matumbawe iliyojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, ambayo nayo, wanaakiolojia wanatuambia, haikumalizika kujengwa. Hilo la kutomalizika lilinirudia baadaye.

Mjane nilimwita Bamayo, mama, kama walivyomwita wote. Yeye aliniita bakalamba, yaani kaka mkubwa, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alinizungusha nyumba kabla ya kunipa kiti. Nilikuwa nimetarajia kiwanja chenye msingi. Nikakuta kuta zimesimama, vyumba vitatu na ukumbi mwembamba, zimefika juu ya lenta, fremu za milango zimeshapachikwa, kenchi za mbao zimelala kivulini zikingoja kupandishwa. Tofali zote alikuwa amezifyatua na wanawe na wajukuu kwa misimu miwili ya kiangazi, kwa kalibu moja ya mbao ya kuazima. Kuni za tanuri alizinunua kwa samaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu ya lile neno nililokuwa nimeliandika kwenye daftari langu njiani: “tunamjengea”.

Kuna jambo kuhusu maji ya ziwa hili ambalo nililikumbuka nikiwa nimekaa pale kwenye kiti alichonipa baadaye. Luapula huingia Mweru upande wa kusini, na kaskazini, penye mji wa Pweto, maji hutoka yakiitwa Luvua, yakaungana na Lualaba, na Lualaba ndio Mto Kongo. Maana yake ni kwamba maji yanayoosha vidole vya wavuvi wa Kashikishi hufika Mbandaka, mji ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta. Na Mbandaka ndiko lilikojaribiwa wazo ambalo leo watu wa nchi nyingi hulifahamu kwa jina la Habitat for Humanity.

Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama aliyetajirika akiwa kijana, kisha yeye na mkewe Linda wakagawa mali yao na kwenda kuishi Koinonia, shamba la Wakristo huko Georgia lililoongozwa na Clarence Jordan. Hapo ndipo walipoanza kujenga nyumba kwa kanuni ambayo mtu wa benki angeiona kichekesho: haina faida, haina riba, mwenye nyumba anaweka jasho lake mwenyewe, na anacholipa kidogokidogo kinaingia kwenye mfuko wa kujenga nyumba ya mwingine. Mwaka 1973 akina Fuller walikwenda Zaire wakifanya kazi ya kanisa, wakaijaribu kanuni hiyo Mbandaka kwa miaka mitatu. Kiwanja walichopewa kilikuwa ukanda mtupu ambao Wabelgiji waliuacha makusudi utenganishe mtaa wao na wa Waafrika. Wenyeji walikuwa na jina lake, Bokotola, kwa maana ya mtu asiyependa wenzake. Nyumba ziliposimama, jina likabadilishwa kuwa Losanganya, mahali pa kuwakutanisha watu. Mwaka 1976 Fuller alirudi Georgia na kuanzisha shirika lenyewe mjini Americus. Jimmy Carter alipokwenda New York na nyundo yake kujenga pamoja nao, mwaka 1984, dunia ikasahau kwamba jambo hili liliwahi kujaribiwa huku kwetu.

Sisemi hivyo ili tudai hakimiliki. Nasema kwa sababu nilikuwa nimekwenda Nchelenge nikidhani mchango wa watu wa kawaida kwa nyumba ya mtu wa kawaida ni kitu cha kuigwa kutoka mbali, kumbe huku mtoni kilikuwa kimeshapewa hata jina la mtaa. Wapare na Wasambaa wana msaragambo wao. Wazee wetu walipoitana kuezeka hawakuandikiana mkataba, ila aliyekosa kuja bila sababu alijua nyumba yake ikivuja atapanda juu peke yake.

Pale kwa Bamayo kulikuwa na kikundi cha waumini wa kanisa lake, watu kama kumi na watano, waliokuwa wameshaezeka nyumba tatu kabla ya hii. Asubuhi wanawake walichota maji ziwani, ndoo kichwani, safari baada ya safari. Vijana walichanganya udongo kwa miguu. Katekista, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, aliandika majina ya waliofika na, kwa wino mwekundu, ya waliochelewa. Mimi nilipewa kushika uzi. Fundi aliupiga uzi wa kozi za mwisho, akanikabidhi ncha moja, akasema nisisogee. Nilisimama hivyo kwa saa mbili. Ni kazi inayomfaa mgeni kabisa: huwezi kuiharibu ila kwa kuzungumza sana.

Yule fundi alitoka Pweto. Mwaka 2017, vita vilipochachamaa katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, maelfu ya watu walivuka kuingia Zambia wakapokelewa Kenani, kambi ya muda humuhumu wilayani Nchelenge. Alikaa pale chini ya turubai na mkewe na watoto wanne. Januari 2018 serikali ya Zambia na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, walifungua makazi ya Mantapala, wakimbizi wakapewa viwanja vya kujenga na kulima jirani na wenyeji, na idadi yao ikavuka 10,000. Akajenga tena. Nilimuuliza ni nyumba ya ngapi hiyo maishani mwake, akahesabu kwa kugonga mwiko kwenye ukuta: aliyorithi kwa baba yake, aliyojenga alipooa, ile ya Pweto iliyochomwa, ya turubai, ya Mantapala. “Ya turubai nayo unaihesabu?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Njo nyumba, alisema. Watoto walilala ndani.

Mtu wa namna hiyo akikuambia bati lako ni jepesi, hubishani.

Nirudi basi kwenye mabati. Ufukoni kule dhoruba za mwanzo wa masika huja kutoka ziwani zikiwa zimejikusanyia nguvu bila kukutana na mti wala kilima. Bati jembamba hupigwa chini kwa misumari likadhani limeshikwa, upepo ukaingia chini ya mapaa, ukalinyanyua, misumari ikabaki kwenye papi na bati likaondoka na matundu. Geji 28 halisi huvumilia. Geji 30 huvumilia kiasi, kama papi zimekaribiana. Yale ya kwangu fundi alikataa hata kuyataja namba. Tuliyarudisha dukani alasiri, mimi, yeye na katekista. Mwenye duka alikuwa mpole sana, na upole wake wote ulikuwa wa kutueleza kwamba pesa harudishi. Kubadilisha anabadilisha. Kwa thamani ya mabati yangu 36 alitupa 26 ya unene wa kweli, ambayo fundi aliyachagua mojamoja kutoka nyuma ya ghala, akiyatikisa yote.

26 hayawezi kufunika vyumba vitatu. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikipiga hesabu ya mteremko wa paa, kana kwamba nikiulaza kidogo zaidi hisabati itanionea huruma. Nilipanga kumwambia Bamayo kwamba tutaezeka chumba chake na cha wajukuu, ukumbi ubaki, stoo ya samaki isubiri. Kwangu hilo lilikuwa wazi kama mchana. Watu 42 walikuwa wamechangia bibi na wajukuu wasinyeshewe.

Asubuhi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono mapajani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba stoo itangulie. Stoo na chumba cha wajukuu. Chake kingoje.

Nilianza kubisha, katekista akanikanyaga mguu.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaane. Miezi mitatu, na ndiyo miezi ya mvua. Mwenye samaki wakavu ndani ya stoo isiyovuja ifikapo Desemba ana bidhaa wakati wengine hawana. Mwenye stoo inayovuja ana funza. Stoo ikikaa sawa msimu mmoja, alisema, chumba chake atakiezeka mwenyewe, na lile deni la kikundi ataanza kulilipa. Maana kikundi kina utaratibu: kila aliyeezekewa hurudisha mabati kumi ndani ya miaka mitatu, kwa ajili ya nyumba inayofuata. Mabati, pesa hazipokelewi. Wala hayadaiwi katika miezi ya kufungwa kwa ziwa. Mwanzoni walijaribu kukusanya malipo kila mwisho wa mwezi, kama wanavyofanya wafanyakazi wenye mishahara, na kufikia Januari walikuwa wamegombana wote. Ziwa halilipi mishahara.

Nimekaa kwenye semina za mikopo ya nyumba Dar es Salaam ambako hoja hiyo isingepata nafasi kwenye ratiba.

Kulikuwa na ubishi mwingine siku hiyo, na huu ulikuwa mzuri. Nchelenge ni kati ya wilaya zenye malaria nyingi kuliko zote Zambia, na watafiti wa magonjwa ya kitropiki kutoka Ndola wamefanya kazi huko miaka mingi. Mhudumu wa afya wa kujitolea, binti mwenye baiskeli, alikuja kusimama chini ya kenchi akataka ule mwanya kati ya ukuta na paa uzibwe. Fundi hakutaka: hewa itapita wapi, na joto hili? Binti akasema mbu nao wanapita hapohapo. Alikuwa na hoja. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Gambia ulioonyesha kwamba kuziba mianya ya paa na kuweka wavu madirishani na milangoni hupunguza mbu wanaoingia ndani kwa zaidi ya nusu, na upungufu wa damu kwa watoto nao hushuka. Sikumtajia Gambia. Nilimuuliza tu wavu wa dirisha unauzwa wapi, akacheka, akanionyesha kwa kidevu upande wa ufukoni, ambako vyandarua vya msaada vilikuwa vimeshonwa kuwa nyavu za kuvulia. Walioleta walitaka vilale kitandani. Mwenye njaa akavipeleka majini. Ni mbaya kwa samaki wachanga, ni mbaya kwa watoto, na sijui mimi ningefanya nini. Mwishowe Bamayo akaamua: kwenye chumba cha wajukuu mwanya uzibwe kwa vipande vya tofali na udongo, madirisha yapate wavu wa chuma atakaporudi mnunuzi wa Mansa, stoo ibaki na mwanya, samaki wanataka upepo, na mbu hawali samaki.

Tuliezeka kwa siku mbili. Kenchi zilipanda kwa kamba na kelele. Fundi alipiga misumari kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni, ili maji yasipate pa kuingilia, na kila msumari aliuwekea kipande cha mpira wa tairi kuukuu alichokata mwenyewe. Mimi nilihesabu misumari na kuokota iliyoanguka. Joto la bati saa sita mchana liliwateremsha hata vijana. Watoto walikaa chini ya kipande cha kwanza cha kivuli kilipopatikana, wakasogea nacho kadiri paa lilivyosogea.

Jioni ya siku ya pili nilipiga picha. Nilijitahidi kutafuta pembe ambayo ingeonyesha sehemu iliyoezekwa tu, nikazunguka nyumba kama mpiga picha wa harusi anayekwepa meza tupu. Haikuwezekana. Upande wowote uliosimama, chumba cha Bamayo kilionekana, kuta nne na mbingu. Nikatuma ilivyo kwenye kundi letu la WhatsApp.

Kimya. Alama za kusoma zikageuka bluu, moja baada ya nyingine. Kisha mmoja akauliza mabati mengine yako wapi. Mwingine akaweka kile kikatuni cha mtu anayekuna kidevu. Mweka hazina, ambaye ni mwalimu mstaafu na hana masihara, akaandika: “Tunaomba risiti.”

Bamayo aliniona uso, akauliza Mbeya wanasemaje. Sikuona sababu ya kumficha. Nikamwambia wanataka risiti.

“Wana haki,” akasema.

Akaingia stoo, ambayo ilikuwa bado inanuka mbao mpya, akatoka na daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu, hesabu zilikuwa zake. Tofali zilizofyatuliwa, zilizopasuka tanurini, zilizobaki. Kuni, na samaki waliotoka kuzilipia. Mbao za kenchi, kwa mafungu manne, tarehe tofauti. Fremu. Siku za fundi. Majina ya waliochota maji. Chini kabisa, kwa kalamu mpya, siku hiyohiyo: malata 26, Mbeya.

Akalifungua ukurasa wa kwanza, akalishika wazi kwa mikono miwili kwenye mwanga uliobaki, akanisubiri. Nilipiga kurasa zote tano. Wa mwisho ulitoka na ukungu kwa sababu jua lilikuwa linakwisha upande wa Kongo, ikabidi niurudie.